Apolo Kivebulaya wa Boga: kukesha katika siku mbaya



Kila tarehe 30 Mei ndugu zetu Waanglikana wa Kongo na wa Uganda humkumbuka mtumishi wa Mungu Apolo Kivebulaya, aliyelala katika Bwana siku hiyo mwaka 1933 kule Boga, jimbo la Ituri. Mwaka 2021, siku hiyo ilipokwisha na giza kuingia, watu wa kundi la ADF waliivamia Boga na jirani yake Tchabi. Hadi kunakucha Mei 31, watu zaidi ya 50 walikuwa wameuawa, na miongoni mwao walikuwamo waliokwisha kukimbia vita mara moja na kujihifadhi hapo kambini. Wengine walitekwa.

Habari ya namna hii hatuhitaji kufundishwa. Makobola, mwishoni mwa 1998. Gatumba, Agosti 13, 2004. Mutarule, Juni 2014, ambako watu walikuwa wamekusanyika kwa ibada. Kila nyumba ya Uvira, ya Fizi na ya Mulenge ina jina la mtu inayemlilia. Na kila mara, baada ya maziko, swali hurudi lile lile katika vyumba vyetu vya maombi: je, hawa hawakukesha? Mlinzi alikuwa wapi? Wengine hujibu haraka kwamba ndani ya kusanyiko kulikuwa na dhambi iliyofichwa, au mchawi, au kabila fulani lililomfungulia adui mlango. Jibu la haraka hutuliza roho kwa siku moja, kisha huanza kutafuta mtu wa kulipa.

Ndiyo sababu nasimulia maisha ya Apolo. Makusanyiko mengi ya huku kusini yanalijua jina lake tu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa Ituri na kanisa lake si letu. Lakini alikuwa mtu wa maombi katika nchi iliyojaa mashaka, na maombi yake hayakumkinga na fimbo, moto wala minyororo. Afadhali tutazame alivyoishi kabla hatujasema maombi ya kukesha ni ya kufanya nini.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, na jina lake la kwanza ni Waswa, jina wanalompa pacha wa kiume aliyetangulia kutoka. Buganda ya utoto wake ilikuwa nchi ya mizimu mikubwa iliyoitwa balubaale. Kila mmoja ulikuwa na nyumba yake, na mtu wa kuusemea. Wazazi walimpeleka kijana wao kwa mganga ili ajifunze kazi ile. Alikaa karibu kiasi cha kuona mambo yanavyotengenezwa. Akaona hila, akaona jinsi hofu ya watu inavyogeuzwa kuwa chakula cha mtu mmoja, akaondoka.

Waandishi wa maisha yake huipita habari hii upesi. Mimi naipa uzito. Mtu aliyekwisha kukaa upande wa ndani wa biashara ya hofu hadanganyiki tena na sura yake, hata inapobadilisha nguo. Biashara ile inahitaji mtu mwenye hofu, mtu anayedai kujua siri ya hofu hiyo, na malipo. Leo haina ngozi wala kibuyu. Ina suti, spika na chupa ya mafuta, na malipo yanahesabiwa kwa franka au kwa dola. Apolo angeitambua mara moja.

Baada ya kumwacha mganga alivutwa kwanza na mafundisho ya Waislamu, waliofika Buganda mbele ya wamishonari. Kisha akamsikia Alexander Mackay, yule fundi Mskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, akifundisha habari za Yesu. Neno lilimshika, lakini hakugeuka siku moja. Miaka ile ilikuwa mibaya sana. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kwenda Buganda. Vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga waliteketezwa kwa moto kwa ajili ya imani yao. Kuanzia 1888 wenye dini walishika bunduki, Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti, wakafukuzana nchini kwa zamu. Waswa naye alibeba silaha. Alikuwa askari, alivuta bangi kama askari wengi, na mwaka 1891 alifuata msafara wa Kapteni Lugard kwenda magharibi, hadi Toro, chini ya milima ya Ruwenzori.

Kwa hiyo mtu tunayemwita mtakatifu wa Boga alikwisha kuona vita vilivyobeba jina la Mungu, tena kwa macho ya mpiganaji. Jina Kivebulaya nalo linatoka katika maisha hayo ya mwanzo. Alipata koti jekundu la kijeshi la Kizungu, akawa analivaa juu ya kanzu, watu wakamcheka na kumwita kitu kilichotoka Ulaya. Sisi wa huku, tunaosema Bulaya, hatuhitaji mkalimani.

Mwishoni mwa 1893 mmishonari George Pilkington, akiwa amechoka na huduma isiyo na nguvu, alikwenda kisiwa cha Kome katika ziwa Victoria kumtafuta Mungu. Aliporudi, mkutano wa maombi wa Mengo uligeuka kuwa uamsho, na katika miaka iliyofuata mamia ya Waganda walitoka kwenda kufundisha nchi za jirani. Apolo ni mmoja wa mavuno hayo. Alibatizwa mwaka 1895 na kuchukua jina la yule mwalimu wa Aleksandria tunayemsoma katika Matendo 18. Mke wake alifariki mapema, naye hakuoa tena. Akapelekwa Toro kuwa mwalimu, nchi ile ile aliyoingia kwanza na bunduki.

Sasa tuvuke mpaka, ingawa wakati ule mpaka wenyewe ulikuwa bado haujakatwa. Boga iko ukingoni. Mashariki yake nchi inateremka hadi bonde la mto Semliki, na ng'ambo ya bonde iko Ruwenzori. Magharibi unaanza msitu mkubwa wa Ituri, na ndani yake wanakaa Wambuti, watu wa kuwinda. Wenyeji wa Boga wengi ni Wahema, na chifu wao, huku tungesema mwami, aliitwa Tabaro.

Walimu wawili wa Kiganda walitangulia kufika. Chifu aliona kwamba mafundisho yao yanagusa pombe, wake wengi, kafara na hirizi, yaani mambo ambayo nchi ilisimama juu yake. Hakuwaua. Aliwakataza watu kuwapa chakula. Njaa ikafanya kazi yake, walimu wakarudi Toro.

Apolo alikubali kwenda mahali pao, na katika mzigo wake akatia jembe. Kama hawatampa chakula, atalima. Wapendwa, tunapenda kuhubiri silaha za Waefeso 6, chapeo na ngao na upanga, na ni vizuri. Lakini sidhani tunaitaja mara nyingi silaha hii ya mti na chuma ambayo mwinjilisti aliibeba ili tumbo lake lisimfukuze mahali Mungu alipomweka. Wachungaji wetu wa Itombwe na Minembwe wanaolima shamba Jumatatu na kufundisha Jumapili wataelewa.

Alifika Boga mwishoni mwa 1896. Alilima, alijenga, alifundisha kusoma. Zama zile Mkristo aliitwa msomaji, kwa sababu hakuna aliyebatizwa kabla ya kuweza kusoma Neno mwenyewe, na huo ulikuwa ulinzi mkubwa kuliko tunavyodhani: mtu aliyesoma Injili kwa macho yake hawezi kuuziwa nyingine kwa urahisi. Asubuhi watu walikusanyika kuomba. Kundi la kwanza lilikuwa dogo.

Nchi haikuwa tulivu. Boga ilidaiwa huku na huku, na Waingereza wa Uganda na watu wa Leta, yaani serikali ya Mfalme Leopold. Februari 1897 askari wa Leopold waliasi kaskazini ya Ituri, wakawaua maofisa wao, wakashuka kusini kwa njia ya Ituri na Semliki wakiishi kwa kupora. Vita vile vilifika hadi kwetu, bonde la Ruzizi na pwani ya Tanganyika. Hivyo miaka ile ile Boga na Uvira zilikimbizwa na watu wale wale, nusu karne na zaidi kabla hatujaanza kuitana nchi moja huru.

Ndani ya hali hiyo Tabaro aliona mwalimu huyu wa kigeni ni hatari. Wasomaji walipigwa. Nyumba ya Apolo ilichomwa moto. Kisha likatokea jambo baya kuliko yote. Dada ya chifu alikuwa amebeba mzigo wa nyasi za kujengea. Akajikwaa, akaanguka juu ya mkuki uliokuwa umefichika katika nyasi, akafa. Mkuki ulihesabiwa kuwa wa Apolo.

Hapa naomba tusipite haraka. Tunaposimulia habari za watumishi wa Mungu tuna desturi ya kumfanya chifu kuwa mtu mbaya wa hadithi. Lakini Tabaro alikuwa amefiwa na dada. Kulikuwa na maiti, kulikuwa na damu, na kulikuwa na mgeni ambaye tayari alichukiwa. Mashitaka yalijitengeneza yenyewe. Ni nani kati yetu hajaona jambo hilo? Mtoto anakufa kwa malaria, na shangazi asiye na watoto anatazamwa. Ng'ombe wanaibwa usiku, na kabla ya jua kupanda kijiji cha ng'ambo ya mto kimekwisha kuhukumiwa chote, wazee na watoto wachanga. Msiba unatafuta mwenye kuubeba, na unamkuta kwanza yule ambaye tulikuwa hatumpendi tangu zamani.

Katika shule ya theolojia tunafundishwa kwamba neno la Kiebrania satani maana yake ni mpinzani, na tunalikuta katika kitabu cha Ayubu na katika Zekaria 3 kwa mtu asimamaye barazani kushitaki. Ufunuo 12 unamwita mshitaki wa ndugu, naye anashitaki mchana na usiku. Basi anayekesha kwa ajili ya kumpinga Shetani, kitu cha kwanza anachopaswa kukiangalia ni ulimi wake mwenyewe unapoanza kushitaki. Nasema hili kwa uzito kwa sababu ya watoto. Yako makusanyiko katika miji yetu, nayo yanajiita ya maombi, ambamo mtoto wa miaka saba anawekwa katikati na kuambiwa kwamba ndiye aliyefunga riziki ya baba. Sheria ya Kongo ya Januari 10, 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu kwa kifungo anayemshitaki mtoto uchawi. Ni aibu kwamba Leta ililazimika kuandika jambo ambalo kanisa lilipaswa kulijua kutoka katika Injili.

Apolo alipigwa, akafungwa, akapelekwa ng'ambo ya Semliki hadi kwenye boma la Waingereza Toro, mahali panapoitwa leo Fort Portal, kama mtu wa kujibu kesi ya kuua. Alikaa kifungoni. Kazi yake ilikuwa imechomwa, wanafunzi wake wametawanyika, na jina lake limechafuliwa kwa damu ya mwanamke ambaye hakumtakia mabaya. Alifikiri juu ya kuiacha Boga. Mkristo anayesema hakuwahi kufikia mahali hapo, sijui niseme nini juu yake.

Katika siku zile za giza, usiku mmoja, alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, naye akamwambia ajipe moyo, kwa maana yuko pamoja naye. Apolo alisimulia jambo hilo maisha yake yote, na hakuliongeza. Aliandika baadaye kwamba tangu wakati ule watu aliowahubiri walikuwa wepesi kuacha mambo yao ya zamani na kutubu.

Kwa miaka mingi nimeyafikiri maono haya, na kila mara nashangazwa na yale yasiyokuwamo. Kristo hakumtajia adui. Hakumwambia ni nani aliyemsingizia, wala nani alichochea moto, wala nani katika nyumba ya Tabaro ana roho gani. Hakumwahidi siku ya kutoka kifungoni. Hakumpa kitu cha kuvaa shingoni. Alimpa uwepo wake, na moyo. Leo nabii akitoka katika mkesha na maono yenye jina la jirani, kusanyiko linasema huyu ana kipawa. Akitoka na moyo tu, tunasema hakuona kitu.

Hatia haikuonekana, akaachiliwa. Njia rahisi ingekuwa kubaki Toro, kwa wenzake, kwenye lugha yake. Apolo alirudi Boga, kwa chifu yule yule. Wale wanaoisimulia habari hii wanaharakisha kufika mahali ambapo Tabaro anaokoka, na ni kweli, Tabaro alijifunza kusoma, akabatizwa, akaitwa Paulo. Lakini mimi ninawaza zile siku za katikati. Mtu aliyepigwa anapita mbele ya boma la aliyempiga akiwa na jembe begani. Mtu aliyefiwa anamwona yule anayemdhania muuaji akipanda maharagwe. Hakuna kitabu kinachoandika siku kama hizo, na bado nadhani hapo ndipo kukesha kwa Apolo kulipokuwa kugumu kuliko kule kifungoni. Kifungoni aliomba apate kuishi. Boga alipaswa kuomba asichukie, tena kila asubuhi, akimwona mtu mwenyewe.

Katika makambi yetu na mitaa yetu ya Uvira, tuseme ukweli, tunakesha kila watu kwa kabila lao. Wanyamulenge wanaomba, Wafuliiru wanaomba, Wabembe wanaomba, Wavira na Wanyindu wanaomba, usiku ule ule, kwa Bwana yule yule, na nadhani malaika wa bonde la Ruzizi wanasikia maombi yanayopigana. Sisemi msiba wa mtu yeyote ni mdogo. Tabaro naye msiba wake haukuwa mdogo. Nauliza tu kama tumewahi kuomba mbele ya kanisa zima kwa jina la yule tunayemdhania.

Miaka iliyofuata niieleze kwa ufupi. Apolo aliitwa kufanya kazi Toro. Mwaka 1900 alipewa ushemasi, mwaka 1903 akawekewa mikono kuwa kasisi. Alifungua makusanyiko mengi, akatembea kwa miguu mahali ambapo leo pikipiki inakwama. Mipaka ilipokatwa, Boga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji, na kundi aliloliacha likapungua kwa kukosa mchungaji. Mnamo 1915, vita kuu ya Wazungu ikiwa imewaka, hata ziwani kwetu Tanganyika, alirudi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi. Hakuondoka tena isipokuwa kwa safari na ugonjwa.

Alikuta mambo yamebomoka, akaanza upya: maombi ya asubuhi, kusoma, shamba, ziara. Nyumbani kwake walijaa watoto, yatima na wasio na mahali, akawalea na kuwasomesha. Mshahara wake haukudumu mkononi. Mwandishi wa Ituri angeweza kuandika kurasa nyingi juu ya watoto wale, kwa kuwa baadhi yao ndio waliobeba Injili baadaye. Kwangu inatosha kusema kwamba mtu asiye na mke wala mtoto wa kumzaa alikuwa na nyumba yenye kelele kuliko zote.

Tangu mwaka 1921 hivi alianza kuingia msituni kwa Wambuti. Majirani waliwahesabu kuwa chini ya watu, wa kupewa chumvi na ndizi ili walete nyama. Watu wa mashambani pia waliuogopa msitu wenyewe kama makao ya roho mbaya. Apolo alikwenda bila kuukemea msitu. Alikaa na watu, akajifunza maneno yao, akawafundisha, akawabatiza kama wengine. Hili nalo ni jambo la kiroho. Mara nyingi mahali tunapopaita ngome ya Shetani ni mahali wanapokaa watu ambao hatujawahi kuwatembelea.

Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, na mwaka uliofuata mmishonari A. B. Lloyd, aliyemfahamu tangu siku za Toro, alitoa huko Uingereza kitabu juu yake na msitu. Jina lake likajulikana ng'ambo. Yeye alibaki Boga.

Moyo wake ulianza kumsumbua. Walimpeleka Mengo, kwenye hospitali ya wamishonari, na waganga wakaona kwamba ugonjwa ni mkubwa. Angeweza kufia hapo, nchini kwao, karibu na kanisa kuu, azikwe kwa heshima na watu wake. Aliomba arudishwe. Ilikuwa safari ndefu kwa mgonjwa, kupita Toro, kushuka bonde, kuvuka Semliki na kupanda tena. Alifika Boga, na huko akafariki Mei 30, 1933.

Kabla ya kufa alikuwa ameagiza jambo moja juu ya maziko. Desturi ya Waganda ilitaka maiti alazwe kichwa kikielekea mashariki, na kwa Apolo mashariki ndiko kulikuwa nyumbani, Buganda. Yeye aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko Injili ilikuwa bado haijafika. Walibishana kidogo, kama watu wanavyobishana wanapoombwa kugeuza desturi juu ya maiti ya mtu wanayempenda. Kisha wakamlaza alivyotaka.